Bahari ya polepole inataka mwezi wake

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika barua ndo mara ya kwanza, naomba unipe nafasi hata kama itabidi ukate katikati. Naandika kuhusu ile hadithi fupi ya kijana mmoja mliyoitoa kwenye kurasa za mwisho wa wiki, ile ya sayari ambayo bahari inajaa siku mbili na kupwa siku mbili. Nimeipenda, nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa juu ya paa la mtu kazini. Ila kuna kitu kimenikera mpaka nikakosa usingizi. Kijana kaweka bahari ya taratibu afu juu yake kaacha mwezi huu huu wetu, unatoka jioni unazama alfajiri, leo mchanga wiki mbili baadae mpevu, kama tunavyouona sisi hapa. Hiyo haiwezekani bwana. Bahari ikichelewa na mwezi lazima uchelewe, huwezi kumfunga breki mmoja ukamwacha mwenzake anakimbia.

Kazi yangu mimi ni kufunga madishi hapa Dar, mwaka wa kumi na nne huu, na kwetu ni Pangani. Nasema hivyo sio kujitambulisha tu, utaona mbele kwamba hivi vitu viwili, dishi na Pangani, ndo vimenifanya niingie kwenye hii habari kichwa kichwa mpaka daftari la hesabu za wateja limejaa sayari.

Bibi yangu alikuwa mtu wa mwambani, kuchokoa pweza na kuokota chaza. Usiku alikuwa anautazama mwezi mara moja tu mlangoni, afu anatuambia kesho amkeni au kesho laleni. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yani maji makubwa ya kujaa sana na kupwa sana, na bamvua kwetu maji yanakauka kabisa saa nne saa tano asubuhi, hiyo haibadiliki mwaka mzima, kwa sababu siku hizo jua na mwezi vinavuta kwenye mstari mmoja na jua halijawahi kuchelewa saa zake. Baada ya hapo kila siku maji yanasogea mbele kama dakika 50, mpaka mnafika kwenye maji mafu ambayo hayajai wala hayapwi, ukienda mwambani unarudi na kikapu kitupu. Hizo dakika 50 ndo siri yote, kijana wetu wa hadithi angezikumbuka asingekosea.

Maji yanavimba upande ulioelekea mwezi na upande wa pili pia, na dunia inajizungusha chini ya huo uvimbe, ndo maana tunajaa mara mbili. Mwezi ungekuwa umesimama tungejaa kila masaa 12 kasoro kidogo. Lakini mwezi nao unatembea, unaelekea upande ule ule ambao dunia inazunguka, kwa iyo dunia ikimaliza raundi inabidi iongeze dakika 50 za kumfukuzia. Masaa 24 na dakika 50, gawa kwa mbili unapata 12 na dakika 25, muulize mvuvi yeyote. Sasa ukitaka maji yachelewe una njia mbili, uicheleweshe sayari au uukimbize mwezi.

Njia ya kwanza naipita haraka kwa sababu siipendi. Zuhura inajizungusha taratibu mno mpaka toka adhuhuri moja hadi adhuhuri nyingine ni siku zetu kama 117. Ungeweka bahari pale jua peke yake lingeijaza kila siku 58 hivi, taratibu kweli kweli, ila usiku nao ni siku 58, sasa huyo mvuvi wako anaishije, analala miezi miwili? Kuna zile sayari saba za nyota ya TRAPPIST-1, ziko kama miaka 40 ya mwanga kutoka hapa, zilitangazwa zote saba mwaka 2017, na wataalamu wengi wanaona zinaweza kuwa zimeganda upande mmoja kuelekea jua lao. Sawa, nazo ni hadithi, lakini sio hadithi ya watu wenye asubuhi na jioni, na kijana kwenye hadithi yake kaweka asubuhi na jioni za kawaida kabisa, kuna mpaka adhana ya alfajiri mle.

Njia ya pili ndo ya fundi dishi. Watu wananiuliza kila siku, fundi mbona dishi halizunguki na setilaiti iko angani inatembea? Nawajibu inatembea, ila iko juu kama km 36,000 na kwa urefu huo mzunguko wake unachukua siku moja, sawasawa na dunia, kwa iyo wewe na yenyewe mnazunguka pamoja kama watu wawili kwenye bembea moja, hamwachani. Nikishakaza nati nimemaliza. Sasa chukua mwezi uuweke pale pale. Mwezi utasimama juu ya kichwa chako milele, na maji yatavimba mahali pamoja na yabaki hapo, hamna kujaa hamna kupwa. Pluto na mwezi wake Charon wako hivyo kabisa, wanatazamana uso kwa uso, mzunguko siku 6 na kitu, na ukiwa upande mwingine wa Pluto hutamuona Charon maisha yako yote.

Sisi hatutaki usimame, tunataka uchelewe. Kwa iyo upandishe kidogo juu ya pale pa setilaiti, uzunguke kwa masaa 27 badala ya 24. Hesabu yake mtoto wa sekondari anaiweza: 1 gawa kwa 24, toa 1 gawa kwa 27, jibu ligeuze. Inakuja 216. Masaa 216 ni siku 9, yani mwezi unakuzunguka angani mara moja kwa siku 9, na maji yanajaa kila baada ya siku 4 na nusu. Kujaa masaa 54, kupwa masaa 54. Siku mbili na ushee, kama alivyotaka kijana! Nilipopata hilo jibu nilikuwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo.

Na isije ikaonekana naota, mwezi wa namna hiyo upo. Mirihi ina viezi viwili, Phobos na Deimos, viligunduliwa 1877 na mtaalamu wa nyota Asaph Hall. Deimos inazunguka kwa masaa 30 na kidogo wakati Mirihi yenyewe inajizungusha kwa masaa 24 na nusu hivi, basi ukiwa umesimama Mirihi utaiona Deimos inachomoza mashariki na itakaa juu kama siku mbili na nusu kabla ya kuzama. Bahari tu ndo haipo.

Sasa hapa ndo pa kukaa, maana wengi wanaishia kwenye masaa wanasahau uzito. Nguvu ya mwezi kuvimbisha maji haipungui kwa umbali wa kawaida, inapungua kwa umbali mara umbali mara umbali. Huu mwezi wetu uko km 384,400. Ule wa masaa 27 uko kama km 45,700 toka katikati ya sayari, karibu mara 8 na nusu jirani zaidi. Ukiushusha mwezi wetu mzima mzima pale, uvimbe unakuwa kama mara 600, maji yanapanda na kushuka mamia ya mita, Pangani na Tanga mjini zote ni za samaki. Kwa iyo mwezi lazima uwe mdogo, na hapa nimekutana na kitu kizuri ambacho sijui kwa nini shuleni hatukuambiwa. Ukitaka mwezi mwingine wa jiwe lile lile ukupe maji yale yale, hakikisha tu unaonekana angani kwa upana ule ule. Basi. Uwe mbali na mkubwa au jirani na mdogo, ilimradi ukinyoosha mkono kidole kinaufunika sawasawa, mvuto wa maji ni mmoja. Na ukitaka ushahidi tazama jua, angani liko saizi ya mwezi lakini kwenye maji linavuta chini kidogo ya nusu ya mwezi, kwa nini? Kwa sababu jua ni gesi, kwa ujazo ule ule ni jepesi, mwezi ni jiwe. Kwa mahali petu pale, mwezi wa upana wa km 400 hivi unatosha, wakati huu wetu una km 3,475.

Nikafurahi nikadhani nimemaliza. Kumbe bado.

Maji yetu ya pwani yanapanda karibu mita 4 kwenye bamvua, lakini mwezi wenyewe kule bahari kuu unainua kama nusu mita tu. Hizo nyingine zinatoka wapi? Umeshabeba ndoo ya maji kichwani? Ukitembea mwendo fulani maji yanatulia, ukibadili hatua kidogo ikaenda sambamba na mchezo wa maji, yanamwagika yote mgongoni. Bahari ni ndoo. Wimbi la maji kwenye kina cha km 4 linakwenda kama km 700 kwa saa wakati dunia kwenye ikweta inazunguka kama 1,670, kwa iyo maji hayaufikii mwezi kamwe, yanabaki yanasukwasukwa, na pale yanapopatana na hatua ya mwezi yanapanda. Ghuba ya Fundy kule Canada maji yake yakisukumwa yanarudi kwa muda unaokaribiana sana na hizo 12 na dakika 25, ndo maana yanafika mita 16. Lakini ukimtembeza mwezi kwa siku 9, maji yana muda wa kutosha, yanamfuata taratibu kama mbuzi aliyezoea kamba, hamna kusukwasuka, na kwa sehemu kubwa unabaki na ile nusu mita yako. Nusu mita! Kwa siku mbili! Hadithi gani hiyo, hata mtoto hatagundua kama maji yamejaa.

Dawa yake ni kuukuza mwezi. Ukizidisha upana mara mbili, mvuto unakuwa mara nane, nusu mita inakuwa mita 4. Kwa iyo mwezi wa km 800 hivi, unakaribia Ceres, lile kubwa kuliko yote kwenye mkanda wa mawe kati ya Mirihi na Mshtarii. Angani unaonekana mara mbili ya huu wetu na ushee. Hiyo ndo sayari yangu sasa, siku masaa 24, mwezi mpana, bahari inayopanda sentimita 7 hivi kwa saa wakati ya kwetu inapanda 60 na zaidi. Unaweza kukaa mchangani ukala chakula cha mchana ukapiga na usingizi usilowe.

Na anga la hapo msinichezee. Mwezi ukichomoza mashariki unakaa juu kama siku nne, lakini kwa kuwa unazunguka kwa masaa 27, ndani ya hizo siku nne unakuwa mchanga, nusu, mpevu, unaisha, unaanza tena, mara tatu au nne bila kuondoka juu ya bahari. Kisha unapotea siku tano. Sasa fikiria, sisi neno letu moja "mwezi" ni lile la angani na lile la kulipia kodi. Pale hayo yameachana, mwezi hauzai mwezi. Na wale jirani zangu wanaobishana kila mwaka kama umeandama au haujaandama, pale unaandama kila baada ya masaa 27, sijui mwezi mtukufu wangeuhesabu kwa nini, hilo nawaachia masheikh.

Kuna jambo jingine la kazini kwangu. Kila mwaka mwezi wa tatu na wa tisa jua linapita nyuma ya setilaiti na picha inakatika dakika chache, wateja wananipigia wanafoka, nawaambia tulieni ni jua hilo litapita. Kwenye sayari yangu majira hayo hayo mwezi unapita mbele ya jua, kwa wakazi wa karibu na ikweta ni kupatwa kwa jua kwa dakika chache, na masaa 27 mbele tena kama bado uko juu na ni mchana. Na ukiwa mpevu unazama kwenye kivuli cha sayari zaidi ya saa nzima. Majira hayo yanadumu wiki kadhaa kisha yanaisha mpaka nusu mwaka. Kupatwa kwa jua hakutishi mtu pale, kunakuwa kama mvua za vuli, watu wanapanga harusi kwa kukwepa.

Turudi ufukweni, maana kijana kwenye hadithi yake kaandika bahari "tulivu yenye huruma". Huruma ipi? Chaza wa bibi alikuwa anakaa nje ya maji masaa machache, akijifunga mdomo anasubiri. Muweke juani siku mbili na ushee, jua la saa sita mara mbili, utakuta kaiva. Mwani vilevile, akina mama wa Paje kule Zanzibar waliouanza kama biashara 1989 wanaufunga pale ambapo maji yakipwa bado unabaki na unyevu, siku mbili za jua ungekauka kambani kabla ya kuvunwa. Madimbwi ya mwambani yanageuka mashamba ya chumvi. Wando wako wa samaki, ule uzio wa kuwanasa, ambao sisi tunauendea kila maji yakipwa, pale samaki wanabanwa mara moja kwa siku nne na nusu, na wakishabanwa ndege wanakuwahi. Mdomo wa mto, kama pale Pangani, ukikosa maji ya kuingilia unakaa nje na jahazi lako siku mbili unanusa wali unaopikwa nyumbani. Na mikondo inakufa. Ile kasi ya maji kutoka kwenye vijito vya mikoko inayosafisha kila kitu mara mbili kwa siku haipo, maji yanalala, yanapata joto, yananuka.

Ila faida zipo, sio niponde tu. Fundi wa kukalafati angeneemeka. Kwetu dau likilazwa ubavu mchangani una masaa ya kuhesabu, maji yanakufukuza pamba iko mkononi. Pale unalaza chombo Jumatatu asubuhi, unaziba, unapaka, unakunywa kahawa, unagombana na mwenye chombo kuhusu malipo, mnapatana, maji hayajafika. Na kuna Maziwe, wenyeji wa Pangani wanaijua, lile fungu la mchanga ambalo zamani lilikuwa kisiwa chenye miti na sasa maji yakijaa linafunikwa. Kwenye sayari yangu fungu kama lile linakuwa kisiwa siku mbili, halipo siku mbili. Nimeweka soko juu yake. Watu wanakuja na vyombo toka pande zote, wanauza, wanaoana, wanadaiana, na mwenye deni anajua akivuta muda mpaka maji yafike miguuni soko litavunjika. Naona hapo ndo hadithi ilipo, sio kwenye utulivu.

Jua nalo kijana kalisahau. Mwezi umeuchelewesha, jua bado liko kwenye siku ya masaa 24, kwa iyo juu ya yale maji makubwa ya polepole kuna maji madogo ya haraka yanapanda na kushuka mara mbili kila siku kama kawaida, na hayo bado yanasukwasukwa kwenye ndoo kama yetu. Mi siyaondoi. Nayapenda, yanamlowesha yule chaza angalau aliye karibu na ukingo, na yanampa mvuvi nafasi ndogo ya kuingia na kutoka.

La mwisho ndo limeninyima raha na limenipa raha. Huu mwezi haukai. Mwezi wetu unatuacha kwa cm 3.8 kila mwaka, inapimwa kwa leza kupitia vioo walivyoanza kuviacha Wamarekani kule juu 1969, na kinachousukuma ni huku huku kujaa na kupwa. Ukiwa jirani kama ule wangu unasukumwa kwa nguvu zaidi, nimepiga hesabu kwa msuguano wa bahari yetu nimepata makumi ya mita kwa mwaka, tuseme maji ya polepole yanasugua kidogo na ipungue, bado unaondoka. (Na ole wako uuweke chini ya pale pa setilaiti badala ya juu, hapo unashuka, kama Phobos inayoshuka karibu cm 2 kila mwaka.) Mwezi wangu ukisogea km 500 tu, siku 9 zinakuwa 8. Maana yake bahari inazidi kuharakisha, karne kwa karne, na ukirudi nyuma ilikuwa ya polepole zaidi. Kwa iyo bibi wa kule akisema enzi za mababu soko la fungu lilikuwa linakaa siku nne, hajazeeka vibaya, anasema kweli. Nimeandika sura mbili kwa sababu ya huyo bibi.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Kama kijana ataleta sehemu ya pili, mfikishie hii aangalie huo mwezi wake, hadithi nzuri haistahili mwezi wa kuazima. Na kwa wasomaji wa pwani, toka Lamu mpaka Mtwara, nahitaji neno. Bamvua haifai, bamvua ni ya jua na mwezi kukutana na pale wanakutana kila baada ya masaa 13 na nusu. Maji mafu ndo kabisa. Mke wangu nilipomsomea akasema yaite maji ya mgeni, siku mbili yanaingia na ya tatu yanapewa jembe. Mi nimecheka nikaliandika, lakini mwenye lingine alilete.

Wako,
Fundi madishi, Dar es Salaam